Njia za Singapore: Nani Aliyelipa Nauli?



Mara kwa mara, na khasa zinapokaribia siku za kura, jina la Singapore husikika katika visiwa hivi kama jina la bwana harusi. Kila apandaye jukwaani hulitaja, awe wa upande wa Serikali au wa upande wetu. Bandari itakuwa kama ya Singapore, barabara kama za Singapore, na kiwanja cha ndege kama cha Singapore. Makofi hupigwa, kisha watu hurejea makwao kwa miguu. Sisi nasi tumeyapiga makofi hayo, wala hatukatai. Lakini juzi mzee mmoja katika wanachama wetu alituweka kitako barazani akatuuliza jambo ambalo hatukuweza kumjibu papo hapo. Alisema: "Hizo njia za Singapore mnazotusifia, nani aliyezilipa? Na yule aliyelalamika, alifanywaje?" Tukamwomba muhula. Tahariri hii ndiyo jawabu yake, na kwa kuwa swali hilo si lake peke yake, tumeona bora tulijibu mbele ya wote.

Kwanza na tukijue kisiwa chenyewe. Singapore ina eneo la kilomita za mraba 735 hivi, na sehemu ya ardhi hiyo si ya asili bali imepatikana kwa kufukia bahari. Yaani ni ndogo kuliko Pemba, na haifiki nusu ya Unguja. Juu ya ardhi hiyo wanaishi watu wapatao milioni 6. Katika kila sehemu mia za ardhi yao, kumi na mbili hivi zimekwisha kuwa barabara, na majumba ya kukaa watu hayakuchukua nyingi sana zaidi ya hapo. Mwenye duka dogo hahitaji kufasiriwa jambo hili. Rafu ni ile ile, na kila kitu unachokiweka juu yake kimekwisha kuondoa kingine.

Mji huo ulizaliwa na bandari. Mwaka 1819 Raffles, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Hindi, alifanya mapatano na wakuu wa Kimalai, akafungua kituo cha biashara kisichotoza ushuru wa forodha. Majahazi yakaja kutoka kila upande. Ulipofunguliwa Mfereji wa Suez mwaka 1869, meli za moshi nazo zikaanza kupitia hapo zikielekea Uchina na Japani. Miongoni mwa wafanya biashara wa mwanzo kutia nanga walikuwa Waarabu wa Hadharamaut, watu wa kabila moja na hawa tunaowaita Washihiri, ambao maduka yao tumekua nayo mitaani kwetu. Mmoja wao, Syed Omar Aljunied, ndiye aliyejenga msikiti wa kwanza wa mji ule mwaka 1820. Jina hili la Aljunied tunamwomba msomaji aliweke akilini, kwani litarudi.

Habari za daraja la kuvukia Johor, lililofunguliwa rasmi mwaka 1924 ili gari la moshi lipite na mpira na bati za Malaya, na za gari za umeme zilizotembea mjini tangu mwaka 1905 hadi 1927, tutazipita. Tufike kwenye mabasi, maana kwenye mabasi ndiko damu ilikomwagika.

Katika miaka ya hamsini mabasi ya Singapore yalikuwa mikononi mwa makampuni mengi, moja la Waingereza na mengine ya matajiri wa Kichina. Madereva na makondakta walifanya kazi saa nyingi kwa mshahara mdogo. Mwezi wa Aprili 1955 wafanya kazi wa kampuni ya Hock Lee waligoma. Kampuni ikawafukuza wale waliokuwa katika chama cha wafanya kazi wa mabasi, nao wakaenda wakaketi mbele ya lango la gereji ili basi lolote lisitoke. Polisi wakawamwagia maji kwa mipira. Watoto wa skuli za Kichina wakawapelekea chakula na kuwaimbia nyimbo. Usiku wa tarehe 12 Mei mambo yakaharibika kabisa. Walikufa watu wanne: askari wawili, kijana mmoja wa skuli, na mwandishi wa habari wa Kimarekani.

Wakati huo Waziri Kiongozi alikuwa David Marshall, mtu aliyekuwa madarakani kwa wiki chache tu. Na wakili wa kile chama cha wafanya kazi wa mabasi alikuwa kijana mmoja mwanasheria wa upande wa upinzani, jina lake Lee Kuan Yew. Mwaka huo huo wa 1955 Serikali ilitunga sheria ya jinai ambayo katika jina lake mna maneno haya: "masharti ya muda". Miongoni mwa masharti hayo, mfanya kazi wa huduma muhimu, na mabasi yamo, haruhusiwi kugoma illa kwa kutoa ilani ya siku kumi na nne. Sheria hii nayo, kama jina la Aljunied, tutakutana nayo tena huko mbele.

Lee Kuan Yew akawa Waziri Mkuu mwaka 1959, na mwaka 1965 Singapore ikatengana na Malaysia ikawa dola peke yake. Mabasi yalikuwa mabovu bado, tena ya makampuni yasiyosikilizana, na maelfu ya magari yasiyo na leseni yalikuwa yakibeba abiria kwa magendo. Mnyonge mnyongeni, na haki yake mpeni. Serikali ile haikukaa ikatazama. Magari ya magendo iliyapiga marufuku, na mwaka 1970 shirika la vyama vya wafanya kazi likaanzisha ushirika wa teksi ili waliokuwa wakiendesha kwa kujificha wapate kuendesha kwa halali. Makampuni ya mabasi yakaunganishwa mwaka 1971, na kufika mwaka 1973 yakawa kampuni moja. Tunalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani kuwa nchi ile ilianza na mambo makubwa. Ilianza kwa kuondoa fujo kwenye mabasi yaliyokwisha kuwapo.

Kisha likaja jambo ambalo dunia nzima ilikwenda kulitazama. Tarehe 2 Juni 1975 Serikali iliuzungushia katikati ya mji mpaka usioonekana. Gari dogo lililotaka kuingia ndani ya mpaka huo saa za asubuhi sharti liwe limebandika kiooni karatasi iliyonunuliwa kwa dola 3 kwa siku. Basi halikulipa. Na gari lenye watu wanne au zaidi nalo halikulipa, hata ikawa wenye magari husimama penye vituo vya mabasi kuokota watu wasiowajua, almuradi idadi itimie wapite bure. Magari yaingiayo mjini katika saa zile yalipungua kwa zaidi ya sehemu arubaini katika mia. Karatasi zile ziliendelea kwa miaka 23, mpaka mwaka 1998 zilipopokewa na milango ya umeme inayolikata gari fedha lipitapo bila ya kusimama.

Sisi tumeliangalia jambo hili kwa jicho la upinzani, tukitafuta kosa, na hatukuliona kosa kubwa. Aliyelipa dola 3 ni mwenye gari. Aliyepata njia nyeupe ni abiria wa basi, ambaye alikuwa akichelewa kazini kwa sababu ya magari ya wenzake. Kodi ya namna hiyo ina insafu ndani yake.

Lakini hatuwezi kusema vivyo hivyo juu ya mnada. Tangu mwezi wa Mei 1990, mtu wa Singapore anayetaka gari hana budi kwanza kununua hati ya ruhusa ya kuwa na gari. Hati hizo zina idadi, na huuzwa kwa mnada mara mbili kwa mwezi. Hati ikishapatikana hudumu miaka kumi, kisha mtu ama ailipie tena au gari liondoke barabarani. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilikataza hesabu ya magari madogo na pikipiki isiongezeke, kwa hivyo wakati huo hati mpya zilitoka pale tu gari kuukuu lilipofutwa. Mwezi wa Oktoba 2023 hati ya gari dogo la kawaida ilifika dola 106,000 za huko, na ya gari kubwa ikafika dola 150,001. Bado hujanunua gari lenyewe, hujalilipia ushuru, hujatia petroli.

Wanaoitetea njia hii husema kuwa kisiwa ni kidogo, na bila ya mnada magari yangekaa juu ya vichwa vya watu. Hili ni kweli, nasi tumekwisha kulikubali kwa mfano wa rafu. Swali letu ni jingine. Kitu kikiwa haba, ziko njia nyingi za kukigawa, na mnada ni ile inayouliza jambo moja tu: nani ana fedha nyingi? Hauulizi nani ana mama kiwete wa kumpeleka hospitali, wala nani anaamka alfajiri kupeleka mboga sokoni. Hata pikipiki, ambayo ni chombo cha mpelekaji vifurushi, hati yake ilipita dola 10,000 mwaka 2022. Sisi tunaouza kwa mizani twajua kuwa mnada ni jambo la haki pale ambapo wanunuzi wote wana mifuko iliyokaribiana.

Mnada wa namna hiyo hauvumiliki ila kwa sharti moja, nalo ni kuwa yule aliyeshindwa apate basi zuri na gari la moshi zuri kwa nauli anayoiweza. Hapo ndipo ulipo uzito wa neno zima.

Habari ya gari la moshi la mjini ilizusha ikhtilafu kubwa, tena ndani ya Serikali yenyewe. Dokta Goh Keng Swee, aliyekuwa bingwa wa mambo ya uchumi katika nchi ile, hakuwa na imani na mradi huo. Wataalamu wa Harvard waliletwa, wakasema mwaka 1980 kuwa mabasi yatatosha kwa gharama ndogo zaidi. Kwa upande wa pili alisimama Waziri Ong Teng Cheong, ambaye hoja yake ilikuwa kwamba mabasi yatahitaji barabara, na barabara hazina tena pa kupita. Wataalamu walijadiliana hadharani kwenye televisheni, raia wakiangalia. Mwezi wa Mei 1982 mradi ukakubaliwa kwa dola milioni 5,000, jumla ambayo nchi ile haijapata kuitumia kwa jengo lolote kabla ya hapo. Tarehe 7 Novemba 1987 zikafunguliwa kilomita 6 za mwanzo zenye vituo vitano, na kufika Julai 1990 zilikuwa kilomita 67 na vituo 42, miaka miwili kabla ya muda uliowekwa. Leo ni zaidi ya kilomita 200.

Na tuseme wazi, jambo hili tunalihusudu. Hatuhusudu reli, maana visiwa hivi havihitaji reli ya chini ya ardhi. Tunahusudu kule kubishana. Mawaziri wawili wamehitalifiana, karatasi za hesabu zimewekwa mezani, mgeni mtaalamu amesikilizwa kisha akakataliwa kwa hoja, na baada ya hapo kazi ikamalizika kabla ya siku yake.

Sasa tufike kwenye ubaya. Mwaka 2000 kampuni inayoendesha gari la moshi iliingizwa katika soko la hisa. Tangu hapo ikawa na mabwana wawili: abiria anayetaka nafasi ya kusimama, na mwenye hisa anayetaka gawio. Sisi si maadui wa faida, kwani tunaila kila siku. Lakini mwenye duka akiiacha paa lake livuje ili agawe faida kubwa, mvua itamsuta. Katika miaka iliyofuata watu waliongezeka kwa kasi, wengi wao wageni walioletwa kufanya kazi, na magari ya moshi yakajaa hata mtu huyaacha mawili au matatu yapite kabla hajapata pa kutia mguu.

Ukaja uchaguzi wa Mei 2011. Chama cha Wafanya Kazi, ambacho ni chama cha upinzani, kilikuwa kimeandika katika ilani yake kuwa mabasi na gari la moshi vitolewe mikononi mwa makampuni yenye kutafuta faida, viwekwe chini ya Shirika la Usafiri la Taifa, litakalotoza nauli ya kutosha kurudisha gharama tu. Serikali ikasema kuwa shauri hilo litaleta uvivu na kuwatwika walipa kodi mzigo. Siku ya kuhesabu kura, jimbo moja la viti vitano likaanguka mikononi mwa upinzani, na jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea katika majimbo ya viti vingi tangu yaanzishwe mwaka 1988. Jimbo hilo ni Aljunied. Naam, jina ni la yule yule mjenga msikiti.

Hatusemi kuwa gari la moshi peke yake ndilo lililoleta ushindi huo. Bei za nyumba zilikuwamo, na wageni walikuwamo. Lakini Waziri wa Usafiri hakurudi katika baraza jipya la mawaziri. Na kama kwamba kuna aliyetaka kuthibitisha maneno ya wapinzani, tarehe 15 na 17 Desemba ya mwaka huo huo gari la moshi likakwama kwa masaa, watu wamefungiwa ndani ya giza bila ya hewa, mpaka abiria mmoja akavunja kioo wapate kuvuta pumzi. Mkubwa wa kampuni alijiuzulu Januari 2012. Tume ikakaa na kutoa ripoti mbele ya watu wote, na kampuni ikatozwa dola milioni 2.

Mwezi wa Novemba 2012 ikawa zamu ya mabasi. Madereva waliotolewa Uchina waligundua kuwa wanalipwa karibu robo pungufu kuliko wenzao wa Malaysia kwa kazi ile ile na basi lile lile. Siku ya kwanza 171 kati yao walikataa kwenda kazini. Kwa muda wa miaka 26 nchi ile ilikuwa haijaona mgomo. Madereva watano walifungwa jela wiki sita hadi saba, na 29 wengine wakanyang'anywa vibali na kurejeshwa kwao. Na sheria waliyofungiwa ni ile ile ya mwaka 1955 yenye "masharti ya muda", iliyotungwa mwaka wa Hock Lee, wakati Lee Kuan Yew alipokuwa wakili wa wafanya kazi wa mabasi. Muda huo ulikuwa umekwisha kufika miaka 57. Tunawaomba wanachama wetu, kila wanaposikia Serikali yoyote ikitaja sheria ya muda, wauhesabu muda huo kwa vidole vya wajukuu.

Basi likawaje lile shauri la upinzani? Serikali haikulipokea kwa jina lake. Lakini mwaka 2012 ilitoa dola milioni 1,100 za hazina kununua mabasi ya kuzipa nguvu kampuni binafsi, jambo ambalo lilizusha maneno mengi, maana raia waliuliza kwa nini kodi yao inunue mtaji wa mwenye hisa. Kisha mwaka 2016 Serikali ikabadili mfumo wa mabasi wote. Nauli sasa yaingia Serikalini, na mabasi na magereji ni yake, na kampuni hushindana kwa zabuni kupewa ujira wa kuendesha tu. Mwaka huo huo ilinunua magari ya moshi na vifaa vyake kwa dola zipatazo milioni 1,000, na Temasek, ambayo ni mfuko wa Serikali yenyewe, ikanunua hisa zilizobaki za ile kampuni na kuiondoa sokoni. Hilo si Shirika la Taifa waliloliandika wapinzani, kwa kuwa uendeshaji umebaki kwa makampuni. Hata hivyo, ukilitazama kwa mbali, lafanana nalo kama ndugu wa baba mmoja. Aliyeambiwa mwaka 2011 kuwa hajui hesabu, miaka mitano baadaye hesabu yake imefanywa na mwingine, tena bila ya shukrani.

Na kumiliki peke yake si dawa. Tarehe 25 Septemba 2024 kipande cha ekseli ya gari moja la zamani, lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka 35, kilianguka njiani. Likavunja reli kiasi cha kilomita mbili na nusu, na njia hiyo ikafungwa kwa siku sita. Kampuni ikatozwa dola milioni 2.4. Chuma kinataka mafuta na jicho, awe nacho nani.

Tumebakisha habari ya bandari, nasi tumeibakisha kwa makusudi, kwani yule mzee wetu aliuliza pia juu ya aliyelalamika.

Mwezi wa Juni 1972 meli ya kwanza ya makontena ilifunga gati katika Tanjong Pagar. Singapore ilikuwa imecheza kamari, maana ilijenga gati za makontena kabla ya wenye meli kuahidi kuja, na kamari hiyo ikashinda. Mwaka 2024 bandari ile ilipokea makontena zaidi ya milioni 41 kwa kipimo cha futi ishirini. Wale wanaoisifu bandari hii mbele yetu husimamia hapo.

Lakini makontena yanataka uwanja wa kuyalaza, na uwanja katika kisiwa cha kilomita za mraba 735 lazima utoke kwa mtu. Mwaka 1981, katika mtaa wa Blair Plain, zilikuwapo nyumba za mamlaka ya bandari wakikaa wafanya kazi wake na jamaa zao, watu waliotoa jasho kwenye gati hizo hizo. Waliambiwa wahame, mahali hapo panatakiwa kwa shughuli za makontena. Waliomba watangulizwe katika kupewa nyumba nyingine za Serikali wasipate taabu, na ombi lao halikusikilizwa. Ikasadifu kwamba Mbunge wa jimbo lao, Anson, amechaguliwa kuwa Rais wa nchi, na uchaguzi mdogo ukaitishwa tarehe 31 Oktoba.

Tangu mwaka 1968 chama kinachotawala kilikuwa kimeshika kila kiti cha Bunge, hakuna hata kimoja cha mwingine. Mgombea wa Chama cha Wafanya Kazi alikuwa J. B. Jeyaretnam, wakili aliyekwisha kushindwa mara kadhaa mpaka watu wakawa wanamcheka. Safari hii aliingia majumba hayo, akapanda ngazi, akagonga mlango kwa mlango, na wenye milango walikuwa na la kumwambia. Alishinda kwa kura 653.

Kura 653 si nyingi, wanachama wenzetu. Ni mtaa mmoja. Ni watu wanaoweza kuenea katika majumba machache. Lakini kwa kura hizo miaka kumi na mitatu ya Bunge la sauti moja ilikwisha, na tangu siku ile hadi mwaka 1984 kulikuwa na mtu mmoja anayesimama kumuuliza Waziri swali asilolipenda. Anson wakamchagua tena mwaka 1984 kwa kura nyingi zaidi. Mwaka 1986 alihukumiwa katika kesi ya hesabu za chama chake, akavuliwa kiti. Na kabla ya uchaguzi wa 1988 jimbo la Anson lenyewe lilifutwa, likagawiwa majirani, na leo ukilitafuta katika orodha ya majimbo hulioni.

Tanjong Pagar nako makontena yaliondolewa mwaka 2017. Kuna Tuas, magharibi ya kisiwa, ambako bandari mpya ilifunguliwa rasmi Septemba 2022 na ujenzi wake unaendelea, nayo yakusudiwa kupokea makontena milioni 65 kwa mwaka itakapomalizika. Gati zilizobaki karibu na mji nazo zitahama, na ardhi yake itajengwa nyumba na maduka. Hati za nyumba hizo, tumwambie mzee wetu, bado hatujasikia ni za nani.